Kidole Kinachotafuta Mstari

Uliangalia pembeni. Usinikatalie, nilikuwepo. Ilikuwa Jumanne, saa tano kasorobo asubuhi, foleni ya dirisha namba tatu imefika hadi kwenye ngazi, na wewe ulikuwa mtu wa sita au wa saba, umeshika bahasha ya kaki. Mlango wa pembeni ukafunguka, akatoka mwanamke wa miaka hamsini na nane, mkononi chupa ya chai, kwapani kijimto cha kukalia, nyuma yake mlinzi. Mlinzi mwenyewe aliona haya, akawa anatembea kama mtu anayesindikiza jeneza la kwao. Wewe ukainamia simu yako. Simu hiyo ilikuwa imekufa. Najua, kwa sababu mchana huohuo uliniletea nikubadilishie betri. Ulitazama kioo cheusi ili usimtazame yeye.

Yule ni Shangazi, dada wa baba yangu. Miaka thelathini na mmoja ameshika madaftari ya vizazi katika masjala ile. Kama cheti chako ni cha zamani, na herufi zake zimeinama kidogo kulia kama majani yaliyopitiwa na upepo, basi mkono wake ndio uliokupokea duniani baada ya mkunga. Hukujua. Sasa unajua, kwa hiyo kaa unisikilize.

Mimi wananiita Kipaza. Nilikuwa tarishi katika jengo lilelile. Mwaka walipoleta viti vya ofisini vyenye magurudumu na kuviweka kwenye sakafu iliyoinama, karani wa vifo aliteleza na kiti chake akavunjika nyonga, na ndiye aliyeandikiwa barua ya uzembe. Nilisema. Nikaambiwa mimi ni kipaza sauti kisicho na swichi ya kuzimia, nikafukuzwa, jina likabaki. Kabla ya viti kulikuwa na dawa ya kufutia wino iliyowatoa makarani machozi. Wakaambiwa waache matatizo ya ndoa nyumbani. Kabla ya dawa kulikuwa na mashine ya taipu iliyokuwa ikimeza herufi moja kila mstari; mpiga chapa akanyimwa likizo. Nakumbuka vyote. Kila chombo kilichoingia katika jengo lile kiliingia kikiwa hakina kosa. Kosa siku zote lilikuwa la mtu.

Nilipofukuzwa nilijifunza ufundi peke yangu, kwa kufungua vitu vilivyotupwa na kuvirudisha mpaka vikasema. Banda langu linatazamana na geti la masjala. Natengeneza redio, simu, na bawaba za laptopu. Hizo bawaba ndizo zilizotuokoa, nitakwambia.

Mwaka huu waliletewa laptopu ishirini na tatu, nyembamba, za kijivu, hazina kipanya cha pembeni. Kusogeza mshale kwenye skrini unapapasa kibao laini kilicho chini ya vitufe. Kuchagua kitu unakibonyeza kibao hichohicho mpaka kilie tik. Majina yote ya madaftari yalikuwa yameshaingizwa na watu wa nje, na kazi ya makarani ikawa kuhakiki: unasoma jina kwenye daftari, unalitazama kwenye skrini, yakilingana unabonyeza, mstari unageuka kijani, unapiga kitufe cha kushuka, kile kikubwa cha Enter, unakwenda kwa mtoto mwingine. Madaftari yenyewe yalikuwa yamezeeka, yanamwagika unga ukiyashika, kwa hiyo yalisimamishwa mbele ya makarani nyuma ya kioo, na tangazo likabandikwa: MARUFUKU KUGUSA.

Baada ya miezi miwili ikagundulika kwamba kwenye sehemu aliyohakiki Shangazi watoto sitini na watatu wamepotea. Hawakukosewa jina wala tarehe. Walikuwa wamefutwa kabisa, kama hawakuzaliwa. Na jambo lililomtia kitanzi ni hili: wote sitini na watatu, ukienda kwenye daftari, ni wale walioandikwa kwa wino uliofifia. Majina magumu. Mkuu wa masjala akaandika kwenye barua kwamba mtuhumiwa "alikuwa akiondoa mistari iliyomshinda kusoma ili amalize mapema". Ajieleze Ijumaa, saa nne asubuhi. Akishindwa, afukuzwe.

Sasa nikuulize. Wewe ungeamini nini? Maana hata mimi, Kipaza, mwenye mdomo huu, niliposoma ile barua pale kwenye kochi lake moyo wangu ulisita. Nakiri. Sitaki kukuonyesha kidole wewe halafu mimi nikaficha changu.

"Shangazi," nikamwambia, "niambie ukweli. Ulichoka?"

"Nimekulea nikiwa nimechoka," akasema. "Ulipotea?"



*

Jumatano saa tisa alasiri nilimwita bandani. Fundi wa kompyuta wa masjala, tunayemwita Miwani kwa sababu anazo mbili, moja usoni na moja juu ya kichwa, alikuwa ameniletea laptopu yao moja yenye bawaba iliyovunjika. Humo ndani mlikuwa na programu ya kazi pamoja na majina ya mazoezi. Nikaiweka mezani, nikaandika majina arobaini kwenye daftari la shule, nikaliweka wazi pembeni ya mashine.

"Fanya kama kazini."

"Kazini hakuna redio inayokoroma hivi."

Nikazima redio. Akaweka kijimto chake, akakaa, akaanza. Nilisimama nyuma yake nikitazama skrini. Tik, kijani, chini. Tik, kijani, chini. Arobaini wakaisha. Hakuna aliyepotea. Akarudia. Hakuna. Nikajikuta nina hasira, na hasira yenyewe, Mungu anisamehe, ilikuwa juu yake. Kama mashine haina kosa basi kosa ni la nani?

"Umenuna," akasema bila kugeuka. "Ukinuna unafanana na baba yako akikosa kiatu kimoja."

"Nataka uharibu, Shangazi, nione."

"Mimi kuharibu kwa makusudi siwezi. Halafu kwako hapa pana raha. Kule daftari limesimama nyuma ya kioo, huku hata kulishika unalishika."

Nikatazama mkono wake wa kushoto. Kidole cha shahada kilikuwa juu ya daftari la shule, kimeukandamiza mstari wa mwisho aliousoma, kimetulia kama kufuli. Nilikuwa nimetazama skrini tu. Mikono sikuitazama.

Ukutani nilikuwa na picha ya baba kwenye fremu. Nikaitoa picha, nikabaki na kioo chake, nikalisimamisha daftari nyuma yake. Akaanza tena. Kidole cha kushoto kikaenda kwenye kioo, kikagusa, kikajirudi kama kilichochapwa, kikakaa mapajani. Arobaini wakaisha. Hakuna aliyepotea.

"Majina yako yanasomeka mno," akasema. "Unaandika kama mtu anayegombana na karatasi. Ya kule mengine ni kivuli tu."

Nikachukua penseli iliyochoka nikaandika mengine kwa mkono mwepesi, hafifu, hapa na pale katikati ya yale yaliyokolea. Nikayaweka nyuma ya kioo. Nikapiga magoti ubavuni mwa meza, macho yangu usawa wa mikono yake.

Jina la kwanza, linasomeka. La pili. La tatu. La nne lilikuwa la penseli. Shangazi akasogeza uso mbele, akakunja macho. Na pale, polepole, bila yeye kujua, mkono wa kushoto ukainuka kutoka mapajani. Kidole kikanyooka kutafuta mstari. Kikafika karibu na kioo, kikakumbuka katazo, kikashuka. Kilishuka kikitafuta mahali pa kushika, kikaupita ukingo wa meza, kikavipita vitufe, kikatua kwenye kona ya kushoto ya kile kibao laini. Hapo kikatulia. Kilikuwa kimepata mstari wake. Mkono wa kulia ukabonyeza.

Kwenye skrini kijikaratasi kidogo kikachomoza, kile wanachokiita menyu, na maneno yake ya juu kabisa yalikuwa: *Ondoa mstari*. Shangazi hakukiona. Macho yake yalikuwa yameshatangulia kwenye daftari, kwa jina linalofuata, kama alivyofundishwa miaka thelathini na mmoja iliyopita. Akapiga kitufe cha kushuka. Menyu ikalipokea pigo lile kama amri. Mtoto wa nne akatoweka. Wa tano akapanda mahali pake kimyakimya, kwa hiyo Shangazi alipoyarudisha macho akamkuta pale pale alipomtarajia, akaendelea.



Unaelewa nilichokiona? Mashine ilikuwa imeamriwa hivi: kidole kimoja kikibonyeza, chagua, vidole viwili vikiwa juu ya kibao, fungua menyu. Basi. Amri ya maneno kumi na mawili. Na kidole cha pili cha mwanamke huyu hakitui ila pale jina linapokuwa gumu, pale anapokaza moyo asilikosee. Hao sitini na watatu ndio aliowashika kwa nguvu zaidi kuliko wote. Aliwapoteza kwa kuwashika.

"Kuna nini?" akauliza. "Mbona umepiga magoti kama unaposa?"



Nilipomwonyesha, hakulia. Alikiinua kile kidole akakitazama mbele na nyuma, kama mtu anayemtazama mtoto wake aliyeambiwa ameiba. "Karani mkuu aliyenifundisha," akasema, "alikuwa anatuchapa rula tukikiondoa kwenye mstari. Sisi watatu, benchi moja. Alisema jicho linasinzia, kidole hakisinzii." Kisha akacheka kidogo. "Kidole kimoja hakivunji chawa. Hiyo mashine imefundishwa na nani kwamba mtu ana kidole kimoja?"

Nikafungua mipangilio ya laptopu. Ukurasa wa kibao ulikuwa na vijisanduku vinne, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mchele. Kimoja kilikuwa na tiki: *Menyu kwa vidole viwili*. Cha chini yake kilikuwa kitupu: *Menyu kwa kona ya chini kulia*. Maana yake kidole cha pili kikae kitakapo, menyu isifunguke mpaka ubonyeze kona ile. Nikaihamisha tiki. Haikulia, haikutoa moshi. Shangazi akarudia majina yote, ya wino na ya penseli, kidole chake cha kushoto kimelala konani kwa raha zake. Hakupotea mtoto hata mmoja.

Tulikaa tukaitazama ile tiki. Magari yanapita, watu wanapiga hodi na simu zao, sisi tumeduwaa. Nimeona transfoma ikilipuka. Sijawahi kuona kitu kidogo hivyo kikiwa na nguvu hivyo.

*

Ijumaa saa nne. Chumba cha mikutano cha masjala kina meza ndefu, feni isiyozunguka, na kabati la kioo lililojaa vikombe vya michezo ambayo hakuna anayeikumbuka. Kanuni inaruhusu mtuhumiwa aje na ndugu mmoja. Mkuu aliponiona akaishusha kalamu.

"Kipaza. Nilidhani ndugu maana yake ni mtu wa kumtuliza."

"Nimekuja kukutuliza wewe, Mkuu."

Fundi Miwani alikuwepo, kwa sababu kosa lilihusu mashine. Alikuwepo pia karani wa dirisha namba tatu, mwanamke kijana mpole, aliyepangiwa kuandika kumbukumbu za kikao. Anaandika kwa laptopu, kimya, kichwa chini.

Niliomba kioo na daftari halisi. Nikaomba watazame mikono, wasitazame skrini. Shangazi akakaa, akasoma. Alipofika jina lililofifia kidole kikainuka, kikatafuta, kikatua. Mtoto akatoweka mbele ya macho yao.

Hata ile feni nadhani ilitaka kuzunguka.

"Rudia," Mkuu akasema, sauti imepungua. Akarudia. Mtoto mwingine akaenda. Mkuu akasimama, akazunguka meza, akainama mpaka tai yake ikagusa vitufe. Shangazi alirudia mara tano. Mara ya tano Mkuu alimwambia asimame, akakirudia kiti chake, akakaa kama mtu aliyebebeshwa kitu. Nikawaonyesha ile tiki ya vidole viwili, na kisanduku kitupu cha kona chini yake.

"Nani aliamua mashine iwe hivi?"

Wote tukamtazama Miwani. Akavua miwani ya usoni akavaa ya kichwani. "Mimi niliandaa laptopu moja," akasema, "ile tunayoiita mama. Nikainakili kwenye nyingine zote."

"Kwa hiyo ulichagua wewe."

"Hapana, Mkuu. Sikuchagua. Niliacha ilivyokuja kwenye boksi."

"Na huko kwenye boksi nani alichagua?"

Tukakaa na swali hilo. Mahali fulani, siku fulani, mtu alikaa mezani, akatazama vidole vyake mwenyewe, akaweka tiki, akaenda kunywa chai. Hakuwa na ubaya na mtu. Na tiki ile ikasafiri ndani ya maboksi, ikavuka mipaka bila kuulizwa pasi, ikafika kwenye meza ya mwanamke asiyemjua, ikamfutia watoto. Mimi nimetafuta adui maisha yangu yote. Siku ile nilimtafuta sikumwona, na hilo liliniogopesha kuliko adui yeyote.

"Basi," Mkuu akasema, "jambo limekwisha. Miwani, badilisha mama, weka hiyo ya kona, nakili kwa wote ishirini na tatu. Leo hii. Bibi arudi kazini Jumatatu, na watoto warudishwe kutoka kwenye madaftari."

Nilishinda. Elewa vizuri: nilikuwa nimeshinda. Baada ya viti, baada ya dawa, baada ya taipu, mara moja katika maisha yangu wakubwa walisema ndiyo. Nilitaka kupiga meza.

"Samahani, Mkuu," ikasema sauti.

Alikuwa karani wa dirisha namba tatu. Shingo yake ilikuwa imewiva kwa aibu.

"Wewe andika," Mkuu akamwambia.

"Ninaandika, Mkuu. Ila mimi hubonyeza kwa kona."

Akaigeuza laptopu yake tuone. Mkono wake wa kulia uliungua zamani, vidole vinne vimekamatana, havikunjuki. Dirishani siku zote anaufunika kwa karatasi, na mimi niliyekaa ng'ambo ya geti miaka yote hiyo sikuwahi kuuona. Kidole gumba tu ndicho kizima. Anakilaza, na kikilala kinaangukia mahali pamoja tu kwenye kibao: kona ya chini kulia.

Tukajaribu. Miwani akaihamisha tiki kwenye mashine yake. Akabonyeza kwa gumba kuchagua jina. Menyu ikachomoza. *Ondoa mstari.*

Ile tiki niliyoibeba siku mbili kama bendera ingemfanyia huyu kilekile alichofanyiwa Shangazi. Miezi miwili tu, naye angetolewa kwa mlango wa pembeni, na mimi ningekuwa ng'ambo ya barabara nikibadilisha betri za watu.

"Mmoja dhidi ya ishirini na wawili," Mkuu akasema. "Binti atazoea."

"Mimi nilizoea nini?" Shangazi akauliza. Hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kusema tangu kikao kianze. "Mkuu, tumeanza kazi mwaka mmoja, wewe na mimi, nitakuambia kama dada. Mwiba uliotoka mguuni kwangu usiuchomeke kwa mtoto wa mwenzangu halafu uniambie nimepona. Kama ni hivyo, niacheni na barua yangu."

"Usiseme hivyo, Shangazi!" nikaropoka.

"Nyamaza wewe. Kipaza nacho huzimwa."

Mkuu akacheka bila kutaka. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea kwake, na kwa kuwa kumbukumbu yangu ni ndefu kwa mabaya, acha iwe ndefu kwa hili pia. Akafungua mlango akasema: "Waite wote. Mmoja mmoja. Nataka kuona mikono."

*

Walikuja kutoka madirishani, kutoka ghala la mafaili, kutoka kaunta ya vifo. Wengine waliingia wakitetemeka, wakidhani ni zamu yao kufukuzwa. Kila mmoja aliambiwa jambo moja: kaa, fanya kama siku zote.

Sijui nikueleze vipi. Mmoja aligonga kibao kwa ubapa wa kidole kwa sababu ya kucha zake ndefu. Mmoja alikuwa mjamzito wa miezi minane, tumbo limemsukuma mbali na meza, anakifikia kibao kwa ncha za vidole kama anayegusa maji kujua kama ni ya moto. Mmoja wa shoto alifanya kila kitu kinyume, tena haraka kuliko wote. Mzee wa mafaili aliegemeza kiganja chote, akasema anaona kibao kina baridi nzuri. Dereva wa zamani aliendesha mshale kwa vidole viwili kama usukani. Mmoja mikono yake ilikuwa inatetemeka. Alisubiri tetemeko lipite, akabonyeza katikati ya tetemeko na tetemeko, kwa ustadi wa mtu anayevuka barabara kubwa. Hakuna mtu aliyejua kwamba anafanya hivyo. Wenyewe hawakujua.

Watu ishirini na watatu. Mikono arobaini na sita. Nilikuwa nimepiga kelele kwa ajili yao miaka ishirini, "wafanyakazi" hivi, "wafanyakazi" vile, kama ni gunia moja. Sikuwahi kuwatazama mikono. Nilisimama pale dirishani, nikaona kwamba kila mmoja alikuwa ameingia jengo lile na njia yake ya kuushika ulimwengu, na sote, wao wakubwa na mimi mpinzani wao, tulikuwa tukigombania njia moja ya kuwashikisha wote.

Karani wa mwisho alipotoka, Miwani alikuwa amejiinamia kwenye mashine. "Mkuu," akasema kwa sauti ya chini, "kila karani ana jina lake la kuingilia. Mpangilio wa kibao unaweza kufuata jina. Akiingia yeye, kibao kinakuwa chake."

"Kazi ya muda gani?"

"Dakika mbili kwa mtu."

"Na hili liliwezekana tangu lini?"

Miwani akavua miwani zote mbili. "Tangu siku ya kwanza."

"Kwa nini hukufanya?"

"Hakuna aliyeniuliza. Na mimi sikumuuliza mtu."

Ilifanyika mchana uleule. Niliona kwa macho yangu: makarani wanapanga foleni, mara hii ndani ya dirisha, na Miwani anamuuliza kila mmoja, "Unashikaje?" Swali dogo hivyo. Binti wa dirisha namba tatu alipobonyeza kwa gumba na jina likageuka kijani, aliiondoa ile karatasi juu ya mkono wake, akaiweka kando. Shangazi alikuwa nyuma yake. Alimwekea kijimto chake kwenye kiti.

Jumatatu alirudi kazini, na watoto sitini na watatu aliwaingiza mwenyewe, kidole kimelala konani.

Lakini usishushe pumzi. Nilikwambia benchi lile walikuwa watatu. Bibi Rula na Mzee Wino walifundishwa na karani mkuu yuleyule, siku moja, kwa rula ileile. Wao walitolewa kwa mlango wa pembeni mwezi uliotangulia. Kosa: majina yaliyofifia kupotea. Nilimwuliza Mkuu. Uso ukambadilika, akasema mafaili yao yameshafungwa na kupelekwa juu, na juu hawafungui faili lililofungwa ila wananchi wenyewe walalamike kwa maandishi, kaunta namba moja. Bibi Rula sasa hatoki nje, anaona haya. Mzee Wino ameambiwa na wanawe kwamba uzee umemfika. Ameamini.

Wewe ulikuwa kwenye foleni siku zote mbili walipotolewa wao. Unakumbuka, unajifanya hukumbuki. Basi inuka. Chukua cheti chako, tazama chini kulia, kuna sahihi. Ikiwa ni ya Bibi Rula au ya Mzee Wino, nenda nacho kaunta namba moja, na kama si yao nenda vilevile. Andika kwamba unataka faili lifunguliwe na wawili hao wakalishwe mezani, mikono yao itazamwe. Kaunta inafungwa saa tisa na nusu. Kalamu ipo hapa bandani kwangu, karatasi ipo. Lete mkono wako, vyovyote unavyoishika kalamu. Njoo sasa hivi.